Unga wa Samaki ni wa Nani?

Nina wageni elfu tatu nyumbani kwangu. Hawana sahani, hawana mikono, hawajawahi kusema asante, na kila asubuhi wote wana njaa. Ni akina nani?

Mwenye kubahatisha abahatishe, ila jibu lake ni samaki wa kizimbani, na mpishi wao alikuwa mama mmoja mnene wa wastani, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, waliyemwita Mama Chembe.

Jina hilo alilipata bandani. Chembe ndiyo mlo wa samaki wa kufugwa, vijipande vya mviringo vinavyokaribia punje ya mahindi. Mama Chembe alianza kuvitengeneza miaka tisa nyuma, kwa mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono. Sasa kikundi chao kilikuwa na mashine ya umeme, banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na vizimba sita vya nyavu vinavyoelea baharini, vitatu kulia kwa gati na vitatu kushoto.

Samaki wenyewe walikuwa chewa, na chewa si samaki wa kubembelezwa kwa mboga. Wapo samaki wa bwawani wasiochagua. Ukiwapa pumba watakula, ukiwapa majani watakula, ukiwapa matumaini pia watakula. Chewa ni mla nyama. Babu yake alikula samaki wenzake, na mjukuu hajaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Kwa hiyo katika kila kilo kumi za chembe, nne na nusu lazima ziwe za dagaa waliokaushwa na kusagwa. Zinazobaki ni soya iliyokaangwa, unga wa ngano wa kushikanisha, mafuta ya samaki, na kijiko cha vitamini. Hesabu hiyo Mama Chembe hakuipata chuoni. Darasa la saba lilimpa kusoma, kuandika na kugawanya. Yaliyobaki alifundishwa na chewa wenyewe, na chewa hana fimbo wala chaki, ukikosea anakutemea.

Balaa lilianza na tone la mafuta. Wiki sita kabla ya siku tunayoielezea, mafuta ya samaki yalimwagika kidogo bandani, Mama Chembe akayakanyaga, miguu ikaenda huku na mwili ukaenda kule. Mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Daktari akamfunga plasta kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, akamwambia, "Mama, wiki sita usishike kitu. Kaa nyumbani."

Kumwambia Mama Chembe akae nyumbani ni sawa na kumwambia kuku asichakure. Na mwezi wenyewe haukuwa wa kukaa. Palikuwa pamekuja muuzaji wa chakula cha samaki cha kiwandani, kijana wa viatu vya kung'aa, akagawa kofia, akagawa kalenda, akawaambia wanakikundi waachane na habari za kusaga na kukanda. Wengine walivutiwa na chakula. Wengine, tuseme ukweli, walivutiwa na kofia. Mkutano ukakata shauri: vizimba vitatu vya kulia vile chakula cha kiwandani, vitatu vya kushoto vile chembe za bandani. Baada ya wiki sita samaki wapimwe. Kushoto wakibaki nyuma, banda lifungwe na mashine iuzwe.

Mama Chembe alikuwa ameitikia kwa kicheko. "Nipimeni hata kesho," alisema. Siku nne baadaye alikuwa chini sakafuni, anatazama mabati.

Kwa hiyo kazi ya kuchanganya ikamwangukia mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pili, binti mpole mwenye kushika anachoambiwa. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika kikundi, na mwaka huo wote kazi yake ilikuwa kulisha, si kuchanganya. Ununuzi ulikuwa wa shemeji yake Mama Chembe, mdogo wa marehemu mumewe. Jina lake la mtaani lilikuwa Sawasawa, kwa sababu ukimwambia nyumba inaungua atakujibu sawasawa.

Sasa, siku ya Jumatano ya wiki ya sita, Mama Chembe alikuwa ameketi jikoni kwake, simu mkono wa kushoto, mpini wa kijiko umechomekwa ndani ya plasta unakuna panapowasha.

"Nieleze polepole," alisema. "Wanafanya nini?"

"Wanatema, Mama," mkamwana alijibu. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma. "Wanaidaka chembe, wanaionja, wanaitema. Wengine hawaji hata kuonja. Wananiangalia tu. Nilidhani watazoea, lakini siku hizi wamezidi."

"Unga wa samaki umeweka?"

"Nimeweka."

"Kiasi gani?"

"Nne na nusu kwa kila kumi, kama ulivyoniandikia."

"Kwa mizani au kwa kopo?"

"Kwa mizani. Na mizani yenyewe niliijaribu kwanza kwa paketi ya sukari ya kilo moja, kama ulivyonifundisha."

"Soya umeikaanga?"

"Mpaka ikanukia."

"Mafuta?"

"Nimeweka, Mama."

"Maji ya kukandia?"

"Ya uvuguvugu."

Mama Chembe akafyonza. Hakuna kinachochosha kama kumhoji mtu asiye na kosa. "Basi wanatema nini?"

"Si ndilo ninalokuuliza wewe?" mkamwana alisema, karibu na kulia. Halafu, kama mtu anayetafuta cha kumfurahisha mgonjwa, akaongeza, "Ila kuna jambo moja zuri. Banda siku hizi halinuki hata kidogo. Hata fundi wa boti amelisifia."

"Umeosha sakafu. Vizuri, mwanangu. Angalau tukifukuzwa tutaacha pasafi."

Akakata simu, akampigia Sawasawa.

"Shemeji, vitu vyote ulinunua kama nilivyoandika?"

"Sawasawa."

"Unga wa samaki ulinunua?"

"Sawasawa kabisa."

"Mzuri?"

"Shemeji, mzuri mpaka mwenye duka akaniambia nimechagua kama mtaalamu."

"Na soya haikuwa na ukungu?"

"Soya sawasawa, ngano sawasawa, mimi mwenyewe sawasawa. Wewe mkono vipi?"

"Mkono haujambo. Kichwa ndicho kinachotaka plasta."

Alikuwa hajaiweka simu mezani ilipolia tena. Alikuwa Mwenyekiti. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, na kwa kuwa mkunga ni jina la samaki pia, watani walipenda kusema kwamba ndiye mkunga pekee wa baharini asiyeng'ata. Siku hiyo aling'ata.

"Mama Chembe, nimevua ishirini wa kushoto nikawapima. Wa kulia wamefika gramu mia tatu na themanini. Wako hawajafika mia tatu."

"Mwenyekiti, labda wavu umechafuka, maji hayapiti."

"Wavu ni msafi."

"Labda mizani."

"Mizani ni ile ile ya kulia. Na mmoja nimempasua. Ini lake limevimba, limepauka kama sabuni. Nimezalisha miaka thelathini, bibi wewe, mtoto asiyelishwa namjua hata akiwa na magamba. Jumamosi tunapima wote mbele ya mkutano. Nimekupigia ili usije ukaanguka tena."

Mama Chembe alikaa akiutazama ukuta. Ini kuvimba na kupauka alikujua. Mwaka wake wa pili bandani, dagaa walipoadimika, alijaribu kuwashindilia chewa unga wa ngano, na ini likawa hivyo hivyo. Mla nyama ukimpa wanga mwingi, wanga wote unakwenda kulala kwenye ini. Lakini ngano ilikuwa kilo moja na nusu tu katika kila kumi. Mkamwana alikuwa amepima kwa mizani. Kila mtu aliyeulizwa alikuwa na jibu sahihi, na majibu yote sahihi yakijumlishwa yalileta samaki wagonjwa. Ingekuwa hesabu ya darasani, mwalimu angechapa mtu.

Alhamisi asubuhi alijifunga khanga, akauning'iniza mkono shingoni, akaenda zake bandani. Daktari alikuwa amesema hadi Jumatatu. Daktari hakuwa na chewa.

Mkamwana alimkuta mlangoni akiwa amesimama, pua juu, ananusa.

"Shikamoo, Mama. Mbona umetoka?"

"Marahaba. Nyamaza kwanza."

Ni kweli, banda halikunuka. Miaka tisa lile banda lilikuwa na harufu ya kukaa kwenye nywele, harufu ambayo marehemu mumewe alikuwa akiitambulia kuwa mke ametoka kazini. Sasa palinuka kama kinu cha mahindi. Mama Chembe alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umepakwa rangi nyingine.

"Nipe bilauri ya maji ya bahari."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Akadondosha chembe tatu. Chembe nzuri huzama taratibu, kama mtu aendaye sokoni na hana haraka, ikakaa chini nusu saa nzima bila kuvunjika. Hizi mbili zilielea. Ya tatu ilianza kuzama, ikabadili mawazo, ikafumuka ikawa uji.

"Mungu wangu," alisema. "Gunia la unga wa samaki liko wapi?"

"Hili hapa, limebaki moja."

Mama Chembe akatumbukiza mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, akautoa. Unga wa dagaa hauji peke yake. Unakuja na mafuta, unang'ang'ania kucha, unakufuata hadi mezani. Huu ulimwagika kutoka kiganjani kama vumbi. Ulikuwa mweupe uliochanganyika na kahawia. Akaugusa kwa ulimi, akatema. Akawa amefanya kama chewa wake.

"Hiki ni nini?"

"Unga wa samaki, Mama."

"Hii ni pumba! Pumba na mihogo na vumbi la mtu kufagia ghala! Nani kakuambia huu ni unga wa samaki?"

Mkamwana aligeuza gunia taratibu, upande wa maandishi ukatazama mbele. Kulikuwa na herufi za buluu, kubwa, zisizo na aibu: UNGA WA SAMAKI. Chini yake palichorwa samaki wa bwawani, mnene, anatabasamu.

Mama Chembe alimtazama yule samaki. Samaki alimtazama Mama Chembe.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo mkamwana hakuwahi kuisikia, "umewahi kuona kitoweo kinatabasamu? Huyu si aliyesagwa. Huyu ndiye anayelishwa."

"Sijaelewa, Mama."

"Ni unga wa kuwalisha samaki wa bwawani. Nipigie Sawasawa. Mwambie aje sasa hivi, na asiseme sawasawa."

Sawasawa alifika akiwa na kofia ya yule muuzaji wa kiwandani kichwani. Alipoona macho ya shemeji yake, aliivua akaikalia.

"Nilikuagiza nini?" Mama Chembe aliuliza.

"Unga wa samaki."

"Na hiki ni nini?"

"Unga wa samaki."

"Hiki ni chakula cha samaki wa kwenye dimbwi! Mimi nilitaka samaki aliyesagwa!"

Sawasawa akakuna kisogo. "Shemeji, nisikilize. Niliingia dukani nikauliza, mna unga wa samaki? Wakasema tunao. Mimi si mtoto, nikauliza tena, wa samaki kweli? Wakasema samaki wanaupenda sana. Sasa hapo ningeuliza nini tena?"

"Ungeuliza kama umetokana na samaki!"

"Kwani unga wa mtoto unatokana na mtoto?"

Mkamwana aligeukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika.

"Wewe usicheke," Mama Chembe alimkemea. Kisha akamrudia Sawasawa. "Na unga wa mahindi, ni wa kwenda kuyalisha mahindi?"

"Aa, huo unajulikana."

"Unajulikana na nani?"

"Na kila mtu."

"Na huu wa samaki haukujulikana?"

"Ulijulikana! Nilijua ni wa samaki. Nikauleta kwa samaki!"

Wakatazamana. Ilikuwa kama watu wawili wanavuta kamba, kila mmoja ameshika ncha ya haki yake na hakuna anayesogea. Mama Chembe alihisi joto linapanda kutoka visigino. Wiki sita! Samaki elfu moja na mia tano wamelishwa pumba kwa wiki sita, na dunia nzima inaapa kwamba imewapa unga wa samaki.

"Nilikuandikia," alisema, ananyoosha kidole kwenye paji la uso la Sawasawa. "Nilikuandikia kwenye karatasi!"

"Na karatasi sikuitupa," Sawasawa alisema kwa upole. "Mimi karatasi zako huwa situpi."

Akatoa mfukoni kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne, akakifungua juu ya gunia. Maandishi yalikuwa yamepinda kama nyayo za kaa. Mama Chembe aliyatambua. Yalikuwa ya mkono wake wa kushoto, siku ya tatu baada ya kuanguka. Zamani alikuwa akiandika: dagaa wakavu, wasio na mchanga, nitasaga mwenyewe. Lakini siku ile kusaga hakungewezekana, akaamua uletwe uliokwisha kusagwa. Kila herufi ilimletea maumivu hadi begani, akafupisha. Aliandika maneno matatu na idadi: Unga wa samaki, gunia kumi.

Kidole chake kilikuwa bado hewani, kimemlenga shemeji. Ni kile cha mkono wa plasta. Daktari alikuwa amevikunja vitatu vingine vikaganda vikielekea ndani, na vitatu hivyo vilikuwa vinamtazama yeye mwenyewe.

Akaushusha mkono. "Nyani haoni kundule," alisema.

Sawasawa alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri wakati mwingine wanaudhi kuliko wabaya. "Shemeji, usijali," alisema. "Jumamosi nitasimama niseme nimekosea mimi. Mimi wameshanizoea. Ile mara ya kamba za rangi mbaya nilikosea, mara ya betri nilikosea. Nikiongeza na hili, nani atashangaa? Wewe ukisema ni lako, watafunga banda. Watasema mpishi hajui kuagiza chumvi."

Na hapo alisema kweli. Ijumaa nzima Mama Chembe alilibeba wazo hilo kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Alienda nalo sokoni, alirudi nalo. Lilikuwa wazo jepesi, na lingeokoa banda. Lakini kila alipokunja midomo kulikubali, alimwona mkamwana wake akijaribu mizani kwa paketi ya sukari, na Sawasawa akiikunja ile karatasi mara nne. Hao wawili walikuwa wamemtii neno kwa neno. Tatizo lilikuwa neno.

Jumamosi samaki walipimwa kwenye gati, kapu baada ya kapu, Mwenyekiti akisoma na karani wa kikundi akiandika. Kulia mia tatu themanini na mbili. Kushoto mia mbili tisini na moja. Watu thelathini waliovaa kofia za bure wakazivuta chini mpaka kwenye macho. Wakaingia bandani kukaa.

"Mama Chembe, una neno?" Mwenyekiti aliuliza.

Alisimama, mkono shingoni. "Nina kitendawili."

"Jamani!" Mwenyekiti alijishika kichwa. "Leo? Leo pia?"

"Kitendawili."

"Tega," waliitikia wachache, kwa mazoea tu.

"Mali moja ina wenyewe wawili. Mmoja kasagwa ndani yake, mwingine anaisubiri mdomo wazi. Ni nini?"

Hakuna aliyejua. Mmoja alisema ni kaburi, akaambiwa akae. Mama Chembe hakudai mji. Aliogopa wangempa banda. "Jibu nitawapa," alisema. "Ila kwanza niambieni. Nikisema unga wa samaki, ni unga gani?"

"Ni dagaa waliosagwa," alisema fundi wa boti.

"Nani kakwambia?" akadakia mama mmoja wa safu ya nyuma. "Ni ule wa kuwapa samaki. Mbona dada yangu anao bwawa na anaununua?"

"Huo ni chakula cha samaki."

"Na chakula cha samaki si kile chenye samaki? Nikikwambia nimekula chakula cha samaki utaelewa nimekula pumba?"

"Wewe hata sasa unaongea pumba!"

"Mwenyekiti, umemsikia huyu?"

Kabla dakika mbili hazijaisha banda zima lilikuwa limegawanyika. Wengine walikuwa wamesimama. Mzee mmoja aliyekuwa usingizini aliamka akaunga mkono pande zote mbili. Mwenyekiti alipiga meza kwa kiatu. "Kimya! Kimya! Mnanitia wazimu! Mama Chembe, hii fujo ya nini?"

"Hiyo fujo," Mama Chembe alisema, "niliiandika mimi kwenye karatasi ya shemeji yangu. Nilitaka huu wa fundi wa boti, akaniletea ule wa mama wa nyuma, na wote wawili mmeapa kwamba ndio wenyewe. Mkamwana wangu alichanganya bila kosa. Shemeji yangu alinunua nilichoandika. Wiki sita chewa wenu wamekula chakula cha dimbwi kwa sababu mkono uliniuma nikaona uvivu wa kuongeza neno moja. Kosa ni langu. Mashine haina kosa, na banda halina kosa."

Sawasawa alianza kuinuka ili aseme ni lake. Mama Chembe akamkazia jicho, naye akakaa.

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Miaka tisa nakuvumilia vitendawili vyako," alisema. "Hiki ndicho cha kwanza kilichotugharimu gramu tisini kwa kila samaki."

Watu wakacheka, na kicheko kikalegeza shingo zao. Fundi wa boti akasema kwamba kama kushoto hawakula chembe halisi za bandani, basi mashindano bado hayajafanyika. Yule mama wa nyuma, ili asikubaliane naye, akasema yafanyike lakini kwa muda mfupi. Wakabishana tena kidogo. Mwisho Mwenyekiti akatoa uamuzi: siku arobaini. Haitatazamwa nani mzito, itatazamwa nani ameongezeka zaidi. Kushoto wakishindwa, banda lifungwe, na kitendawili chochote kitakachotegwa siku hiyo mtegaji atatupwa majini.

Jumatatu plasta ilikatwa. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka kama ini la chewa mgonjwa, lakini uliweza kushika kalamu. Kitu cha kwanza ulichoandika kilijaza nusu ukurasa: Dagaa. Wakavu. Wazima, wenye vichwa. Wasiwe wamesagwa, nitasaga mwenyewe. Samaki waliokufa, si chakula cha samaki walio hai.

Sawasawa alisoma, akauliza, "Wafe kabla ya kukaushwa au baada?" Akafukuzwa kwa mwiko.

Siku ya pili ya chembe mpya, mkamwana alisimama kwenye gati la kushoto na ndoo. Alirusha konzi moja. Chembe zikaanza safari yao ya chini, bila haraka. Kivuli kimoja kikapanda, kikadaka, kikashuka. Hakikutema. Kikarudi na wenzake, na maji ya kushoto, yaliyokuwa yametulia kwa wiki sita kama maji ya beseni, yakachemka. Mkamwana alicheka peke yake, nguo zimelowa. Nyuma yake Mama Chembe alikuwa anagomba kwamba anarusha nyingi mno, kwamba konzi iwe ndogo, kwamba samaki hawafuati ndoo wanafuata mkono, huku yeye mwenyewe ananuka, alhamdulillahi, ananuka dagaa mpaka kwenye kope.

Siku arobaini zilipotimia, kulia walikuwa wameongezeka gramu mia moja na kumi. Kushoto mia moja na ishirini na sita. Mwili uliokaa na njaa ukipata chake hukimbia. Kushoto bado walikuwa wepesi kuliko wenzao, na Mama Chembe alikuwa wa kwanza kulisema hilo kabla halijasemwa. Lakini mwendo ulikuwa wao. Mwenyekiti alifunga daftari. "Banda linabaki," alisema. "Na kuanzia leo agizo lolote lisomwe kwa sauti kabla Sawasawa hajaondoka, na Sawasawa arudie alivyoelewa. Akiwa na shaka, apige simu. Kitendawili?"

"Sina," Mama Chembe alisema. "Maji ni baridi."

Wiki iliyofuata pipa la mafuta ya samaki lilikauka, lile lile lililomwangusha. Mama Chembe aliandika orodha bandani, wakaisoma, wakairudia: dagaa, soya, ngano, vitamini. Sawasawa alikuwa keshafika barabarani ndipo mkamwana alipogonga pipa likalia tupu, na Mama Chembe akatoka mbio akamwita kwa mbali, "Na mafuta ya samaki! Madumu mawili!"

"Sawasawa!" lilijibu vumbi.

Saa moja baadaye simu ililia. Mama Chembe alikuwa amezama kwenye unga wa dagaa hadi mabegani, na mkamwana akaishikilia simu kwenye sikio lake.

"Shemeji," Sawasawa alisema. Nyuma yake palikuwa na kelele za duka. "Mwenyekiti alisema nikiwa na shaka nipige simu."

"Sema."

"Hapa nimeuliza mafuta ya samaki, wamenionyesha ya alizeti. Wanasema haya ndiyo yenyewe, hayaungui haraka, samaki anatoka mwekundu. Sasa nauliza tu. Mafuta ya samaki, ni ya kumkaangia?"

Mama Chembe alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, ndefu kweli, yenye dagaa ndani yake. Maneno yalimjaa mdomoni, mengine hayafai kuandikwa. Kisha akakumbuka kwamba katika miaka yote aliyomjua, hii ilikuwa mara ya kwanza Sawasawa kuuliza kabla ya kununua.

"Hapana, shemeji," alisema, taratibu kama chembe nzuri inavyozama. "Ni yale yaliyokamuliwa kwenye samaki mwenyewe. Yanayonuka. Asante kwa kuuliza."

"Sawasawa," alisema Sawasawa. Kisha akaongeza, "Akiwa amekufa?"